Muuguzi mmoja kwa wodi nzima: amana hii ni ya nani?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Tumepokea suala kutoka kwa dada yetu muuguzi. Yuko peke yake zamu ya jioni katika wodi ya wazazi, Magharibi imeingia na mama mmoja yuko katika uchungu, akimuacha anahofia madhara. Je, anaweza kujumuisha Magharibi na Isha?

Jawabu ni fupi. Katika madhehebu yetu ya Shafi mlango huu ni mwembamba kwa asiye msafiri, lakini Mahanbali wamemruhusu mwenye udhuru wa namna hiyo. Tunaona aichukue ruhusa hiyo, asiifanye mazoea. Lililotukosesha usingizi ni suala jengine lililomo ndani ya hili: kwa nini yuko peke yake?

Zanzibar imejenga. Kwa fedha za ahueni ya UVIKO-19 zimesimama hospitali 10 za wilaya na ya mkoa pale Lumumba, na asiyelishukuru hilo hana insafu. Lakini jengo halimpimi mtu presha saa nane za usiku. Shirika la Afya Duniani limetaja kiwango cha madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000. Kwa sensa ya 2022 sisi wa Unguja na Pemba tulikuwa 1,889,773, kwa hivyo tunahitaji zaidi ya 8,400. Fedha za ujenzi hutolewa mara moja, mshahara wa muuguzi hutakiwa kila mwezi mpaka astaafu. Hapo ndipo penye uzito, na ndiyo maana tunawajua vijana wenye vyeti vya uuguzi waliokaa barazani wakingoja ajira huku wodi zikiwalilia.

Basi bajeti ya afya inaposomwa Baraza la Wawakilishi, mwakilishi wetu asitosheke na idadi ya vitanda. Aulize kila wodi ina wauguzi wangapi usiku, na aliyepangiwa Micheweni au Makunduchi analala wapi.

Na sisi tusijitoe. Maulamaa wameihesabu tiba kuwa fardhi kifaya: ikikosa wa kuisimamia, dhambi ni ya mji mzima. Imam Ghazali katika Ihya alilalamika kuwa watu wanakimbilia fiqhi na kuiacha tiba. Lawama hiyo inatufika sisi masheikh kwanza, maana ni mara ngapi tumemshauri mwanafunzi wetu hodari akasomee uuguzi?

Kisha wapo akina baba wanaokuja kwetu kulalamika kuwa mke kazalishwa na mwanamme. Mzee huyo huyo binti yake akitaka kusoma ukunga humkatalia, eti zamu za usiku hazimfai mtoto wa kike. Wa nani basi watakaomzalisha mkewe? Hofu yake ya usiku tunaielewa, na dawa yake ni gari la zamu la kumchukua na kumrejesha mlangoni. Hilo Wizara inaliweza, tuliombe kwa sauti moja.

Dada aliyeuliza, swala yako ni sahihi inshaallah. Wallahu a'alam.