Anayemwachia mwenzake kicheko

Ukimtaja Harold Ramis, wengi watauliza ni nani. Itaje Ghostbusters, filamu ya 1984, nao watawakumbuka mara moja wale wafukuza mizuka. Yule mwenye miwani asiyecheka, Egon, ndiye Ramis, na muswada aliuandika yeye na Dan Aykroyd. Hoja ya makala haya ni kwamba komedi hujengwa na watu wa aina yake, wasioona taabu kicheko kikienda kwa mwingine.

Ramis, mzaliwa wa Chicago, alihariri vichekesho vya jarida la Playboy kabla ya kushika nafasi katika kundi la Second City, ambako michezo hubuniwa papo hapo jukwaani. Aliondoka kwa muda, na aliporudi alimkuta John Belushi ameshaliteka jukwaa kwa vituko. Hakushindana naye. Alijichagulia uhusika wa mtu mtulivu mwenye akili, kisha akashiriki kuandika Animal House (1978), iliyomfanya Belushi nyota wa filamu.

Alipoongoza filamu yake ya kwanza, Caddyshack (1980), kulikuwa na onyesho la mtunza uwanja wa gofu ambalo muswada uliligusia tu. Ramis alimuuliza Bill Murray, aliyemwigiza mtunza uwanja huyo, kama anapocheza mchezo hujitangaza mwenyewe kama mtangazaji wa michezo. Murray akaomba maua, akayafyeka moja baada ya jingine huku akijitangaza kama bingwa. Swali moja la mwongozaji lilitosha.

Lakini si kila kitu huachiwa mwigizaji. Katika muswada wa kwanza wa Danny Rubin wa Groundhog Day (1993), mtangazaji wa hali ya hewa alikuwa tayari amenaswa katika siku inayojirudia. Ramis aliurudisha mwanzo nyuma, tuishi naye kwanza siku ya kawaida. Ndiyo maana redio inapolia tena saa 12 asubuhi kwa wimbo uleule, tunacheka kabla yeye hajaelewa kilichompata.

Kwetu Tanzania, mchekeshaji Mzee Majuto tulimcheka hata kabla hajafungua kinywa, na alistahili. Ila kipaji cha mwigizaji hakimwondolei mtayarishaji deni la hadithi. Anayemwona mwandishi kama karani wa kunakili utani asishangae vipindi vyake vikirudia fumanizi lilelile na mlevi yuleyule. Mwandishi wa komedi aitwe mapema, na alipwe kabla kamera haijawashwa.