Geji ya joto la ekzosi: mbona haimo kwenye malori yetu?

Leo tuache kidogo mambo ya simu na kompyuta, tuingie gereji. Msiogope, tutarudi kwenye programu kabla hatujamaliza.

Hoja yangu ni hii: kila lori la dizeli lenye turbo, linalobeba mizigo mizito na kupanda milima, linafaa kuwa na geji ya joto la ekzosi. Na geji hiyo ikae mbele ya dereva. Si ofisini kwa mwenye gari, si kwenye simu ya meneja. Mbele ya dereva.

Mtu atauliza, kwani geji ya joto si iko tayari pale kwenye dashibodi? Iko, lakini ile hupima maji ya injini. Maji yale ni mengi, na thamostati huyashikilia karibu na nyuzi 80 au 90, kwa hivyo huchelewa kutoa habari. Gesi inayotoka kwenye silinda ni jambo jingine kabisa. Dereva akikanyaga mafuta mlimani, joto lake linaweza kupanda kwa mamia ya nyuzi katika sekunde chache, na sindano ya maji isitikisike hata kidogo. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: unapima kilicho rahisi kupima, kisha unashangaa seva imeanguka na taa zote ni za kijani.

Joto hilo latoka wapi?

Injini ya dizeli huvuta hewa yake kila wakati, na mguu wa dereva huongeza mafuta tu. Mafuta yakizidi na hewa ikabaki ile ile, moto huzidi. Lile lori unalofuata likifuka moshi mweusi mlimani, moshi ule ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha kuungua vizuri, na ujue ekzosi yake inachemka pia.

Sasa fikiria safari ya kutoka Nakuru hadi Timboroa. Kule juu ni takriban mita 2,700, na shinikizo la hewa ni chini kidogo ya robo tatu ya lile la Mombasa. Turbo husaidia kusukuma hewa ndani, lakini nayo inafanya kazi kwa nguvu zaidi. Ongeza chujio la hewa lililojaa vumbi, paipu ya intakula iliyopasuka, mzigo uliozidi, na fundi aliyefungua pampu ili "gari livute". Kila kimoja peke yake huenda usikihisi. Vyote pamoja vinachoma.

Mafundi wengi huchukua nyuzi 700 hivi, zikipimwa kabla ya turbo, kuwa mpaka wa kutokaliwa kwa muda mrefu. Injini hutofautiana, lakini angalia tarakimu nyingine: alumini halisi huyeyuka kwa nyuzi 660, na pistoni nyingi ni za mchanganyiko wa alumini. Haziyeyuki papo hapo kwa sababu hupozwa na oili na moto ule hauzigusi muda wote. Lakini ukikaa na joto hilo mlima mzima, unakula akiba. Pistoni, valvu na turbo hudhoofika kidogo kidogo, na manifoldi hupata nyufa.

Turbo ikifa, nani analaumiwa?

Hapa ndipo penye uchungu. Gari likizimika mlimani, mara nyingi mtu wa kwanza kunyooshewa kidole ni dereva. "Uliliendesha vibaya." Pengine ni kweli, pengine chujio halijabadilishwa tangu mwaka jana. Dereva hana hata tarakimu moja ya kujitetea, na mwenye gari naye hana hata moja ya kumshtaki. Wanabaki kubishana, na mshahara wa mtu uko mezani.

Tangu sheria za Michuki zianze kutekelezwa mwaka 2004, tumezoea vidhibiti mwendo. Baadaye tukazoea vifaa vya kufuatilia gari lilipo. Vyote hivyo humchunga dereva. Geji ya ekzosi humsaidia. Akiona sindano inakaribia 700, anapunguza mafuta au anashusha gia. Gia ndogo huzungusha injini haraka zaidi, hewa nyingi ikapita, na kila mpigo ukahitaji mafuta machache. Joto linashuka hapo hapo. Hakuna ripoti ya jioni inayoweza kufanya hivyo.

Wapo watakaosema gari lililotoka kiwandani limeshapangwa lisivuke mpaka. Nakubali, likiwa zima, na mzigo wake halali. Lakini ni malori mangapi barabarani yako hivyo? Tena geji ndiyo itakayokwambia siku ambayo si zima tena. Mlima ule ule, mzigo ule ule, gia ile ile, na leo joto limezidi la mwezi uliopita kwa nyuzi 80: kagua njia ya hewa kabla hujalala.

Kinachonishangaza zaidi ni malori mapya. Mengi yenye chujio la masizi yana vihisi vya joto la ekzosi kutoka kiwandani. Kiwango cha J1939, ambacho kompyuta za malori hutumia kuzungumza, kimelitengea joto hilo namba yake, SPN 173. Yaani kompyuta inajua, na anayekanyaga mafuta haambiwi. Huo ni ubunifu mbaya wa programu, basi.

Ukitaka kuifunga

Kwa lori kuukuu, nunua geji ya kawaida ya sindano. Ndiyo, mimi mwandishi wa programu ndiye nasema hivyo :-) Sindano haihitaji intaneti, na jicho huisoma haraka.

Ukitaka kujitengenezea, teknolojia ni ya kale. Mwaka 1821 Seebeck aligundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa, na ncha moja ikapashwa moto, umeme huzaliwa. Themokapo ya aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja, kwa hivyo nyuzi 700 ni kama milivolti 29. Chipu ya MAX31855 husoma umeme huo, na Arduino yoyote itaionyesha. Lakini shika haya:

1. Kihisi kikae kabla ya turbo. Baada ya turbo joto huwa limeshuka, na tofauti hubadilika kulingana na mzigo.
2. Mwachie fundi kazi ya kutoboa, na manifoldi ifunguliwe. Vipande vya chuma vikiingia kwenye turbo, umeiua kabla ya safari.
3. Waya wa kurefusha uwe wa aina ya K, si shaba ya kawaida.
4. Waya ukikatika, skrini iandike HITILAFU. Isiandike sifuri. Programu inayoonyesha baridi wakati haijui kitu ni hatari kuliko kutokuwa na programu.
5. Hifadhi rekodi kwenye kadi, na dereva awe na nakala yake.

Faida ya mwisho: unapofika, usizime injini ghafla. Iache ingurume hadi ekzosi ishuke chini ya nyuzi 200 hivi, la sivyo oili itaungua na kuganda ndani ya beringi za turbo. Bila geji, unakisia dakika. Ukiwa nayo, unaona.

Wenye malori, mwasemaje? Na nyinyi madereva, mngependa kuona nini mbele yenu?