BWANA SHAMBA: Filamu Nayo Huota Kuvu

Mwezi huu tuache pamba kidogo.

Mzee mmoja wa Ukerewe alinionyesha filamu ya mwaka 1968. Imo picha pekee ya marehemu mama yake. Filamu ilikaa katika mfuko wa nailoni, nyumba iko karibu na ziwa. Ikaota kuvu.

Filamu hupakwa jelatini. Jelatini hutengenezwa kwa mifupa na ngozi za wanyama kama ng'ombe. Kwa kuvu hicho ni chakula, kama mahindi yasiyokauka vizuri.

Mzee alitaka kuiosha. Nikamzuia. Jelatini iliyoliwa na kuvu huyeyuka majini, na picha huenda nayo. Tuliianika kivulini hadi ikakauka. Kisha tukaondoa kuvu kwa brashi laini.

Tukawasha simu, kioo chote kikawa cheupe. Tukashika filamu juu yake bila kugusa kioo. Tukaipiga picha kwa simu nyingine, tukageuza rangi. Mama akaonekana, amebeba mtoto. Mtoto huyo ndiye mzee mwenyewe.

Sasa filamu imo katika bahasha ya karatasi, ndani ya kopo lenye mfuniko. Pembeni upo mchele uliokaangwa ukapoa, umefungwa kitambaani. Huvuta unyevu. Ukaange tena kila mwezi.