Povu la chura na ubatizo wa mtoto

Baadhi ya wazazi huniambia, "Padre, tumemwacha mtoto akue kwanza, dini atachagua mwenyewe." Siku hizi nawajibu kwa habari ya chura.

Yuko chura wa miti, anapatikana Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara, ambaye hatagi majini. Jike hupanda tawi lililo juu ya dimbwi, hutoa ute na kuupigapiga kwa miguu ya nyuma mpaka uumuke kuwa povu jeupe. Humo hutaga. Povu hukauka kwa nje, ndani hubaki na unyevu, na baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka majini.

Viota vya povu vina bakteria wengi. Nasi tukisikia bakteria twawaza ugonjwa tu (matangazo ya sabuni yametufundisha hivyo). Lakini huko Panama watafiti waligundua kuwa vyura wa kioo huyapa mayai yao bakteria wa ngozi zao, na baadhi ya bakteria hao huzuia kuvu inayoua vyura. Yai halikuombwa ruhusa.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 867, inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika majuma ya kwanza. Mama hamngojei mwanawe achague kunyonya, wala achague lugha ya nyumbani. Kwa nini imani peke yake ndiyo ingoje? Simu na mtaa haviingoji. Mtoto akifika miaka kumi na minane, vitakuwa vimekwisha kumlea.

Wengine wamembatiza, kisha wamemwachia katekista kila kitu. Hao nao, je, nyumbani kwao husaliwa jioni?