Kijana Akitaka Kurusha Injini ya Gari

Tuseme kijana wako ni fundi wa gereji pale Emali, na Jumapili moja baada ya chakula akuambie amepata injini ya gari kuukuu, anataka kuiundia ndege. Utamcheka? Utamkemea? Nakusihi umsikilize, kisha umwulize maswali.

Wazo lenyewe si wazimu. Mwaka 1929 Mmarekani Bernard Pietenpol alirusha ndege ya mbao kwa injini ya gari aina ya Ford. Ile Volkswagen yenye mgongo wa kobe nayo imetoa injini za ndege ndogo nyingi, kwa kuwa hupozwa kwa upepo, haina rejeta. Hapa kwetu, mwaka 2010, Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta, aliunda ndege nyumbani akaitia injini ya Toyota. Ndege ikagoma kupaa, wala yeye hakukata tamaa.

Muulize kwanza: panga la mbele litazunguka kwa kasi gani? Injini nyingi za gari hutoa nguvu zote zikifika mizunguko 5,000 au zaidi kwa dakika. Panga la ndege ndogo hutaka kama 2,700. Likizidi sana, ncha zake hukaribia mwendo wa sauti na nguvu huishia kwenye kelele. Basi lazima pawe na gia au mkanda wa kupunguza kasi, na hapo ndipo wengi hukwama, maana mtikisiko wa injini huvunja gia zisizopimwa vizuri. (Kuchonga panga la mbao, nadhani Mkamba hahitaji kufundishwa. Kulisawazisha ni kazi nyingine.)

Kisha joto. Gari likiteremka Kibwezi hutumia sehemu tu ya nguvu zake, lakini ndege hupaa mafuta yakiwa yamefunguliwa hadi mwisho. Rejeta ikichemka barabarani, utaegesha chini ya mbuyu ungoje ipoe. Angani utaegesha wapi?

Hewa nayo ina hesabu yake. Mji wa Kitui uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa pale huwa nyepesi kwa karibu sehemu moja kati ya sita, ukilinganisha na usawa wa bahari kwenye nyuzi 15. Injini ya nguvu za farasi 60 hubaki na kama 50, na mabawa pia hupungukiwa.

Hapa sasa sina mzaha. Mwache aifunge injini kwenye fremu imara iliyozikwa ardhini, aiendeshe kwa nguvu zote saa baada ya saa, watoto wakiwa mbali na lile panga. Atajifunza mengi. Kuruka ni mpaka apate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege na leseni ya urubani. Hadi siku hiyo, mama, ufunguo ufunge kwenye pindo la leso yako.