Makaratasi ya Kanada: kwa nini mafaili yetu yanagonga mwamba

 

Juzi nilikuwa intaneti kafe moja hapa Dodoma mjini nasubiri zamu ya kuskani. Mbele yangu vijana watatu, kila mmoja na bahasha ya vyeti. Nikauliza, jamani safari ya wapi? Kanada, ukazi wa kudumu. Nikawapa hongera. Halafu nikaiona barua ya mwajiri ya mmoja wao. Mistari minne tu: alikuwa mfanyakazi wetu mwaminifu, tunamtakia kila la heri. Kwa barua ile, kijana yule ameshakataliwa kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma. Ndiyo maana naandika.

Kwanza hali ya hewa kule. Mwaka 2024 Kanada ilikuwa na lengo la kupokea wakazi wapya wa kudumu 485,000. Lengo la 2025 likashuka hadi 395,000, na la 2026 ni 380,000. Mlango unapungua upana. Watu wa fani huingia kwa mfumo wa Express Entry ulioanza Januari 2015: unajaza wasifu, unapewa pointi, unasubiri kuitwa. Mwaka mzima wa 2025 walioitwa ni waliokwisha kufanya kazi Kanada, walioteuliwa na majimbo, wanaojua Kifaransa, na watu wa afya, elimu na ufundi wa mikono. Mapema mwaka huo wanaojua Kifaransa waliitwa hadi wenye pointi 379, wakati waliofanya kazi Kanada walihitaji zaidi ya 500. Wale mliokuwa mnalikimbia darasa la Kifaransa, mmesikia.

Sasa ukishaitwa una siku 60 tu za kutuma faili kamili. Hapo ndipo wengi wanapoumia, maana ndiyo kwanza wanaanza kutafuta karatasi.

Tuelewane pia kwamba kuanguka kuna aina tatu. Ya kwanza, faili kurudishwa kwa sababu halijakamilika. Hiyo ina nafuu, ada yako ya maombi inarudi, ila muda wako umekwenda. Ya pili, faili limesomwa na ofisa akaona hujathibitisha ulichodai. Ada haina kurudi. Ya tatu ni kuonekana umedanganya au umeficha. Hapo unafungiwa miaka mitano, huingii na huombi ukazi. Na usiseme "wakala ndiye aliyejaza". Jina ni lako, sahihi ni yako, adhabu ni yako.

Nichukulie mfano wa nyumbani, Haneti. Wenye kukujua wanajua mawe ya kijani ya krisopresi, na wanajua habari za nikeli iliyotafutwa na kampuni za nje kwenye vilima vile. Sema kuna kijana ana stashahada ya Chuo cha Madini hapa Dodoma, kafanya kazi ya utafiti miaka miwili. Anachukua sampuli, anaandika kumbukumbu za miamba iliyochorongwa, anasaidia kuchora ramani. Huyo ni fundi sanifu wa jiolojia, kazi inayokubalika kabisa. Lakini kwenye daftari la malipo kaandikwa "kibarua", analipwa mkononi, mkataba hana. Kazi ilipoisha kila mtu kashika njia yake.

Ofisa aliyeko Kanada hamjui huyu kijana. Haneti hajawahi kuisikia. Anachosoma ni karatasi, na karatasi inasema kibarua. Kijana hajakosa uzoefu, amekosa ushahidi. Huo ndio msiba wetu wadau, na hauko Kanada, uko hapa hapa.

Barua ya mwajiri inatakiwa iwe kwenye karatasi rasmi ya ofisi, iwe na sahihi na mawasiliano, cheo chako, kazi ulizokuwa unafanya siku hadi siku, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, na mshahara pamoja na marupurupu. Kwa mpango wa watu wa fani unahitaji angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya namna moja, yaani saa 1,560, ndani ya miaka kumi iliyopita. Na kazi zilizotajwa ziendane na fani uliyojaza. Usikopi maelezo ya kwenye tovuti yao neno kwa neno, ofisa anayajua kuliko wewe. Mwombe bosi aandike ulichofanya kweli.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi, mwanzoni mwa ajira, maelezo ya kazi yako, tarehe ya kuanza, saa za kazi na malipo. Ajira ikiisha anatakiwa akupe cheti cha utumishi. Yaani vingi anavyovitaka Mkanada leo, sheria ya Bongo ilishavitaka zamani. Ni sisi tunaona aibu kudai, tukiogopa kuonekana wakorofi. Faili la Kanada linaanza siku ya kwanza unaporipoti kazini Haneti. Dai karatasi yako siku hiyo, na kila mwezi angalia kama michango yako ya NSSF inakwenda.

Mengine yanayoangusha watu, kwa kifupi:

Mapengo. Unatakiwa ueleze miaka kumi iliyopita bila kuruka mwezi. Kama ulikaa nyumbani miezi minane ukilima mtama na mzee, andika hivyo. Kukosa kazi si kosa. Kuacha pengo ndio tatizo.

Familia. Taja mwenza na watoto wote, hata wasiosafiri nawe, hata yule ambaye nyumbani hajulikani. Ukimficha mtoto leo, kesho ukitaka kumleta unaweza kukuta sheria imeshamfungia mlango. Hakuna pointi yenye thamani hiyo.

Kunyimwa viza. Uliwahi kunyimwa viza, ya nchi yoyote? Sema. Kunyimwa hakukuondoi kwenye mbio, kuficha ndiko kunakoondoa.

Pesa. Tangu Julai 2025, asiye na ajira Kanada anatakiwa aonyeshe zaidi ya dola 15,000 za kule kwa mtu mmoja, na familia zaidi ya hapo. Benki iandike salio la sasa, wastani wa miezi sita, na madeni. Hela ya kuazima haihesabiki. Ile ya mjomba iliyoingia Jumatatu na itakayotoka Ijumaa inaonekana waziwazi kwenye wastani.

Majina. Cheti cha kuzaliwa Mohamedi, cha kidato cha nne Mohamed, pasipoti Muhammad. Rekebisha sasa au andaa kiapo, usingoje zile siku 60. Karatasi ya Kiswahili itafsiriwe na mtu asiye ndugu yako.

Tarehe. Matokeo ya mtihani wa lugha, kama IELTS, yanaishi miaka miwili. Tathmini ya vyeti inaishi miaka mitano. Hesabu kabla hujalipia.

Mwisho, hawa wanaouza "barua ya ajira ya Kanada". Pointi za ushindani zilizokuwa zinatokana na ajira zilifutwa tarehe 25 Machi 2025. Kwa hiyo anayekwambia utoe mamilioni upate barua ya kupandisha pointi anakuuzia gunia tupu, na barua ikiwa feki, miaka mitano inakungoja. Mshauri wa kulipwa lazima awe na leseni, ama mwanasheria au mwanachama wa chuo chao cha washauri wa uhamiaji, na jina lake unaweza kulitafuta mwenyewe mtandaoni bila malipo. Tafuta kabla hujatoa hata senti.

Sisemi watu wote waondoke, Haneti nayo inahitaji mafundi sanifu. Ninachosema, hata usipokwenda Kanada, karatasi ya kazi yako ni haki yako. Itakufaa benki na kwa mwajiri mwingine, na itakufaa uzeeni. Wewe mwajiri wako wa mwisho alikupa cheti cha utumishi? Na ulikidai? Semeni kwenye maoni hapo chini, hasa mliorudishiwa faili, wengine tujifunze.

Naomba kuwasilisha.