Ufundi wa Nyumbani: Chombo Kizee Kisitupwe Upesi

Sisi wakaaji wa Bukavu twakaa mahali Ruzizi inapotoka ziwani, karibu kabisa na chimbuko la umeme, na hata hivyo giza twalijua sana. Mtambo wa kwanza wa Ruzizi wafanya kazi tangu mwaka 1958. Wa pili ulifuata mwaka 1989, lakini umeme wake hugawiwa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi, nao mji wetu umekua mno. Kwa hiyo jamaa nyingi zimeweka nyumbani betri ya volti 12, pamoja na kisanduku cha kuijaza umeme unaporudi, ili watoto wasome usiku, wala mama asihangaike gizani na mtoto mgonjwa. Visanduku vya namna hiyo hutiwa pia katika yale magari ya Ulaya yenye vitanda na jiko ndani.

Siku moja kisanduku kizee chaanza kunguruma. Taa yatetemeka, redio yavuma, betri haijai. Baba asema, “Kimekufa, tukitupe.” Ikiwa betri yenyewe ni nzima, pengine kimechoka kiungo kimoja tu, nacho ni kapasita, ambayo kwa Kifaransa huitwa condensateur.

Kazi yake ni nini? Umeme wa ukutani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Transfoma huupunguzia nguvu, dayodi huulazimisha kufuata upande mmoja. Lakini bado waja kwa mapigo, kama maji ya bomba lenye hewa ndani. Kapasita ni mtungi chini ya bomba hilo: hupokea mapigo, hutoa mfululizo. Ndani yake mna karatasi nyembamba za alumini na majimaji ya dawa. Joto la miaka mingi huyakausha majimaji hayo. Ndipo kichwa chake huvimba, au huvuja miguuni. Alama hizo huonekana kwa macho.

Anayejua kutumia chuma cha kulehemu aweza kuibadili kwa gharama ndogo. Kwanza achomoe waya wa ukutani, kisha aondoe na waya za betri, maana betri nayo ina umeme. Angoje, halafu aunganishe miguu miwili ya kapasita kwa taa ndogo ya volti 12, ili umeme uliobaki utoke pole pole. Kisha asome maandishi ya ile ya zamani. Mikrofaradi za mpya ziwe sawa. Volti ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Afadhali ichaguliwe iliyoandikwa nyuzi 105 kuliko 85, kwa maana huvumilia joto. Mstari ulioandikwa ubavuni waonyesha mguu wa hasi. Akigeuza miguu, kapasita yaweza kupasuka usoni pake. Akimaliza, ajaribu kwanza kwa taa, ndipo arudishe betri.

Lakini sikilizeni vizuri. Kisanduku cha namna mpya, chepesi, kisicho na transfoma nzito, msikifungue nyumbani. Ndani yake mna kapasita yenye volti zaidi ya 300, nayo yaweza kuua mtu hata baada ya waya kuchomolewa. Hicho kipelekwe kwa fundi anayejua kazi yake.

Tena kuna kosa moja baya kuliko yote. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, wengine huifunga kwa karatasi ya fedha ya sigara, wakashangilia kwamba taa imewaka. Kumbe wamemfukuza mlinzi, na mwizi bado yumo ndani! Fyuzi hukatika kwa sababu kuna ubovu. Autafute ubovu, kisha aweke fyuzi yenye namba ile ile. Twajua jinsi nyumba za mbao zilivyobanana kule Kadutu. Moto ukianza kwa mmoja hauombi ruhusa kwa jirani.

Basi, wazazi, mkisikia kisanduku chanunguruma leo, msingoje kesho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mtoto anayependa ufundi akae karibu atazame, asiguse. Ajifunze kwamba kabla ya kukitengeneza chombo, fundi mwema hutafuta kwanza sababu ya ugonjwa wake.